Maji Yaliyopoteza Rangi

Kabla Flora Magige hajafika Bunda, mfereji uliotoka nyuma ya kiwanda cha nyuzi ulikuwa mwekundu kama wa machinjioni. Kiwanda kilitia rangi nyuzi za pamba za kufumia mashuka. Maji ya kusuuzia yaliachiwa hivyo hivyo bondeni, yakapita kando ya bustani za mboga, yakaishia kwenye kijito kinachoelekea ziwani. Wanawake wa bustani walishazoea. Maji yao waliteka kwenye kisima kilichokuwa juu, mwendo wa robo saa, na mfereji ule waliuruka tu, kama mtu anavyoruka kinyesi cha ng'ombe njiani.

Flora aliajiriwa kuuondoa wekundu huo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Butiama, mkemia wa kwanza katika ukoo wao na pengine katika kata yao. Kiwanda kilikuwa kimepewa miezi sita na ofisi ya vibali vya maji: rangi iondoke, la sivyo mashine zizimwe.

Aliiondoa kwa miezi minne. Maji machafu yalikusanywa kwenye tangi la zege. Flora aliyatia asidi mpaka yakawa makali, akatia chumvi ya chuma, kisha akafungulia peroksaidi. Chuma na peroksaidi vilipokutana vilizaa kitu kikali kisichodumu hata sekunde moja, ambacho kazi yake ni kurarua chochote kinachokigusa, na rangi ndiyo iliyoraruliwa kwanza. Povu lilipanda, wekundu ukageuka kahawia, kahawia ikafifia, na baada ya saa moja na kitu ungeweza kuona sakafu ya tangi. Mwisho alitia chokaa. Chokaa iliua ile asidi na kukizamisha chuma chini kama tope la kutu. Hapo ndipo maji yalipokuwa ya kuachiwa. Bila chokaa kazi ilikuwa nusu, ingawa kwa macho mtu asingejua.

Mwezi Machi meneja, Bwana Baltazar, aliita mkutano pale kwenye mfereji. Walikuja viongozi wa mtaa, kwaya ya kanisa, na wanawake wote wa bustani na khanga zao. Flora alisimama na bika mbili za kioo mkononi, moja ina maji mekundu, ya pili haina rangi kabisa. Watu walipopiga makofi alijisikia mwili mwepesi. Akainama kwenye mfereji, akateka maji kwa viganja, akanawa uso mbele ya watu wote.

Makofi yakawa vigelegele. Mwanamke mmoja mnene, mrefu, akanyoosha mkono. Jina lake Dafroza, lakini kwa ajili ya binti yake mkubwa kila mtu alimwita Mama Recho. Alikuwa ametoka vijiji vya ziwani zamani, alipofiwa na mume, na bustani yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kiwanda.

"Dokta," alisema, "sasa haya tunaweza tukamwagilizia?"

Flora hakuwa daktari, na swali hilo halikuwa lake kulijibu. Kibali kilisema maji yanafaa kuachiwa mtoni, hakikusema lolote kuhusu mboga. Alilijua hilo vizuri. Lakini nyuso zote zilikuwa zinamtazama kwa furaha, na maji bado yalikuwa yanamchuruzika kidevuni.

"Mnaweza, mama," alisema. "Haya sasa ni maji tu."

Tangu siku hiyo wakamwita daktari wa maji. Habari zilifika Butiama kabla hajafika mwenyewe, na mama yake, Sara, alizisimulia kanisani Jumapili mbili mfululizo.

Kiangazi kilipoingia, kisima cha juu kikapungua, na bondeni watu wakahamia kwenye mfereji moja kwa moja. Mwezi Julai ndipo chokaa ilipokwisha. Lori lililokuwa likileta chokaa liliharibika injini, na msambazaji akawa haonekani kwenye simu. Flora alikwenda ofisini kwa Bwana Baltazar, akamwambia inabidi wasimamishe mashine mpaka chokaa ipatikane.

"Kuna oda ya nyuzi za mashuka ya mnada," meneja alisema bila kuinua kichwa. "Maji yana rangi?"

"Hayana, ila yana asidi. Yatakuwa—"

"Flora. Wakaguzi wanaokuja hapa wanakuja na macho, hawaji na vipimo. Ni wiki moja tu."

Angeweza kubishana. Baadaye, kila alipoikumbuka ile dakika, alikumbuka kwamba hakutishiwa kazi, hakupigiwa kelele, wala hakuombwa kusema uongo. Alisema tu, "Sawa, bosi," kwa sababu kusema hapana kungeleta maneno mengi mchana ule, na alikuwa na njaa.

Siku ya kwanza alitumia masalia ya mfuko wa mwisho. Siku ya pili hakutia kitu. Maji yalitoka safi kama kawaida, labda na umanjano wa mbali ambao mtu angeuona kama angeutafuta. Alichukua karatasi ya kupimia, akaichovya, ikawa nyekundu ya kutisha, rangi ya asidi. Aliitupa kwenye ndoo ya taka na hakuchovya nyingine. Kwenye daftari la kazi, mahali pa kipimo cha asidi, palikuwa na saba nukta mbili ya jana, kipimo cha maji yasiyo na asidi. Akaandika saba nukta mbili. Akaandika hivyo na kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tano, ili isifanane mno, aliandika saba nukta moja.

Siku ya nane Mama Recho alikuja getini.

Mlinzi alimpitisha kwa kuwa alisema anamtaka dokta. Alikuwa amebeba ndoo, na ndani ya ndoo mna mchicha na chainizi, majani yamekunjamana, kingo zimeungua rangi ya kahawia kama karatasi iliyoshikiwa juu ya moto.

"Shikamoo, mama," Flora alisema.

"Marahaba, mwanangu. Samahani nimekukatiza kazi. Nimesema mimi siendi kwa bwana shamba, yule atanizungusha. Nakwenda kwa mtoto wetu aliyesoma. Hebu niangalizie, huu ni ugonjwa gani?"

Alishika jani moja akalinyoosha. Flora aliona vidole vya mama yule: ngozi imepasuka kwenye maungio, imekauka, na katikati ya mipasuko mna wekundu.

"Tuta lote liko hivi?"

"Matuta sita. La Susana nalo limeanza. Tulikuwaga na wadudu mwaka juzi, lakini hawakuchomaga hivi."

Neno wadudu lilimwangukia Flora kama kamba iliyotupwa kwa mtu anayezama, naye akalidaka.

"Inawezekana ni wadudu," alisema. "Wapo wadogo sana, hawaonekani. Jaribu dawa. Ile ya kupuliza, nenda duka la pembejeo, waambie ya mboga za majani."

"Na mikono?"

"Paka mafuta, mama. Ni upepo wa kiangazi."

Mama Recho alishukuru. Alimshukuru mara tatu, akambariki, akamwachia fungu la viazi vitamu alivyokuwa amevifunga kwenye pindo la khanga. Flora alibaki amesimama kwenye kivuli cha tangi, viazi mkononi, akimsikiliza anavyomsimulia mlinzi kule getini kwamba watoto wa siku hizi waliosoma wana dharau, lakini huyu wa kwao hana.

Viazi hakuvila. Hakuvitupa pia. Vilikaa kwenye kabati la maabara mpaka vikachipua.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Butiama. Kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa dada yake, na uani kwao palifungwa turubai, ng'ombe mmoja akaanguka, wageni wakajaa. Mama yake alimshika mkono tangu alipoingia, akamtembeza meza kwa meza. "Huyu ndiye Flora wangu. Ndiye anayesafisha yale maji ya Bunda." Flora alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Alikuwa ameweka sahani mapajani, ndiyo kwanza anamega ugali, mgeni mmoja kutoka Bunda alipogeuka kwake. Alikuwa Susana, yule mwenye bustani ya pili.

"Mama Recho hayupo, si umesikia? Yuko hospitali Musoma tangu juzi. Macho."

"Macho yamefanyaje?"

"Sijui. Alipuliza ile dawa ya wadudu, jasho likamwingia, akachota maji ya mfereji akanawa uso. Alisema si ni yale maji yako safi. Kadiri yalivyomwasha ndivyo alivyozidi kunawa. Mpaka jioni jicho la kushoto likawa jekundu, halifunguki. Ile dawa ni mbaya, nasema."

"Siyo dawa," Flora alisema.

"Eti?"

Lakini alikuwa ameshasimama. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye zizi, akashika nguzo. Ng'ombe walikuwa machungani, zizi tupu, harufu ya samadi kavu na jua la saa kumi. Akampigia simu Machage, fundi wa pampu, mtu mzima asiyependa maswali.

"Kaka Machage, funga valvu ya kutokea. Funga sasa hivi."

"Tangi litajaa, dada. Itabidi wazime na mashine."

"Wazime."

"Nimwambie bosi nini?"

"Mwambie nimesema mimi. Mwambie maji yana asidi na nilijua."

"Sawa," Machage alisema. "Nafunga." Kisha, kwa sauti ya chini, "Afadhali."

Neno hilo moja lilimmaliza. Kumbe Machage naye alijua. Alikuwa amemwona akipita kila asubuhi bila mfuko wa chokaa, akamwona akiandika daftari bila kugusa karatasi za kupimia, akanyamaza kama yeye alivyonyamaza.

Alipogeuka, mama yake alikuwa nyuma yake. Hakujua amesimama pale tangu lini.

"Asidi gani?" Sara aliuliza.

Flora alimweleza. Alianza na lori na injini yake na Bwana Baltazar na oda, na mama yake akasikiliza yote hayo kama mtu anayesubiri mgeni amalize salamu ndipo aseme lililomleta. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Huyo mama alipokuletea mboga, ulikuwa umeshajua?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia ni wadudu."

"Ndiyo, mama."

Sara aliangalia zizi. Alikuwa amevaa kitenge kipya kwa ajili ya sherehe, na pembeni mwa mdomo ilikuwa imebaki chembe ya pilau. Flora alitamani mama yake ampige. Alipokuwa mdogo aliwahi kupigwa kwa kumwaga maziwa, na baada ya fimbo mbili mambo yaliisha.

"Nimekutangaza kanisani," mama yake alisema taratibu. "Kesho usije kanisani. Nenda Musoma." Kisha akarudi kwa wageni, na uani akasikika akiwakaribisha kwa sauti ile ile ya mwanzo.

Wodi ya macho ilikuwa na vitanda vinane. Mama Recho alikuwa amekaa kitandani, pamba na plasta vimefunika jicho la kushoto, binti yake Recho anamlisha uji. Flora aliposalimia, mgonjwa aligeuza uso wote kuelekea sauti.

"Dokta! Umetoka Bunda mpaka huku kwa ajili yangu? Recho, mpe kiti. Umwone huyu, ndiye niliyekuambia."

Recho alisimama, akampa kiti, akampa na shikamoo ingawa walikuwa rika moja. Flora hakukaa. Njiani alikuwa amepanga maneno, akayaacha yote. Akasema yaliyokuja.

"Mama, si dawa ya wadudu iliyokuumiza. Ni maji. Chokaa iliisha, tukaachia maji yana asidi siku kumi na mbili. Mboga zako ziliungua kwa maji yangu. Mikono pia. Na jicho."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kuzungumza na simu.

"Ulikuwa hujajua," Mama Recho alisema. Hakuwa anauliza. Alikuwa anamsaidia.

"Nilijua."

"Siku ile nimekuja na ndoo?"

"Nilijua kabla hujaja na ndoo."

Mkono wa Mama Recho uliokuwa umenyooshwa kwenye kiti kuonyesha akae, ulirudi taratibu mapajani.

"Yalipokuwa mekundu," alisema, "nilikuwaga nayaruka. Wajukuu nilikuwa nawapitisha kule juu. Hakuna aliyenifundisha, niliona mwenyewe kwamba haya si maji. Wewe ndiye uliyeniambia ni maji. Ulinawa uso, nikakuona."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikanawa."

Flora alipiga magoti pale sakafuni, kwenye sakafu iliyokuwa bado na unyevu wa deki. Alitaka kusema nisamehe, lakini alipofungua mdomo aliona kwamba kwa neno hilo angekuwa anamwomba tena mama yule kitu, na alikwisha kuchukua vya kutosha. Mama Recho alikuwa ameshageukia ukutani.

"Dada," Recho alisema, bila ukali, "nenda kwanza. Nenda kamwambie daktari ni asidi gani. Wao wanamtibu kama aliyeingiwa na dawa ya wadudu."

Hilo lilikuwa jambo la kufanya, akalifanya. Alimweleza daktari wa zamu jina la asidi, peroksaidi na chuma, kila kitu kikaandikwa kwenye faili la mgonjwa huku akiulizwa, na kujibu, yeye ni nani. Jumatatu asubuhi alikwenda ofisi inayosimamia vibali vya maji, pale pale Musoma, akiwa na daftari la kazi alilotumiwa na Machage kwa basi la kwanza. Ofisa aliyempokea aliitwa Lameck, kijana mpole mwenye miwani, na upole wake ndio uliokuwa mgumu. Alilifungua daftari mbele yao, akaweka kidole kwenye mstari uliofuata ule wa karatasi nyekundu, ambao Flora alikuwa ameshaueleza.

"Tarehe tisa. Saba nukta mbili. Ulipima?"

"Sikupima."

Akaandika. "Tarehe kumi. Saba nukta mbili. Ulipima?"

"Sikupima."

Aliuliza hivyo mstari kwa mstari, kwa sauti ile ile, kwa sababu fomu ilitaka hivyo. Walipofika kwenye saba nukta moja aliinua macho kidogo. "Hii imebadilika."

"Niliibadilisha ili ionekane ya kweli," Flora alisema, na masikio yakamuwaka moto kuliko alipokuwa amepiga magoti wodini.

Kiwanda kilizimwa wiki tano. Bwana Baltazar alihamishiwa mahali pengine na kampuni yake. Aliondoka akimwambia kila mtu kwamba mkemia ndiye aliyeficha. Flora hakumbishia, maana nusu yake ilikuwa kweli. Alivuliwa cheo, akaambiwa anaweza kubaki kama msaidizi wa mkemia mpya au aende. Aliandika barua ya kuacha kazi, akakaa nayo siku mbili, akaichana. Kuondoka Bunda kungekuwa rahisi mno.

Kabla mashine hazijawashwa tena paliitishwa mkutano bondeni. Mkemia mpya alieleza habari za tangi la akiba la chokaa, na kipimo kinachofunga valvu chenyewe maji yakiwa na asidi. Alieleza vizuri. Alipouliza kama kuna maswali, Mama Recho alisimama. Jicho lilikuwa limepona, lakini kwenye kioo chake palibaki ukungu mdogo mweupe, na aliinamisha kichwa upande ili aone.

"Mimi sina swali," alisema. "Nina ombi. Turudishieni rangi yetu."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona hatanii.

"Wekundu tulikuwa tunaujua. Mtoto wa miaka miwili alikuwa anaujua. Haya meupe yenu hatuyajui, mpaka mtu aliyesoma atuambie, na aliyesoma anaweza akasema lolote."

Flora alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye jiwe, pamoja na Machage. Wanawake wawili walimgeukia wakamtazama, wakarudisha macho mbele. Alifahamu kwamba kemia yote aliyosoma haikuwa na jibu la ombi lile. Rangi ile nayo ilikuwa sumu, samaki wa kijitoni walikuwa wamekufa ndani yake miaka yote. Kuiondoa lilikuwa jambo jema. Yeye ndiye aliyelifanya jambo jema liogopwe.

Mwisho walikubaliana maji ya mfereji yapitishwe kwenye bomba lililofukiwa mpaka yapite bustani zote, na kiwanda kichimbe kisima kingine. Ikafanyika, si kwa haraka, lakini ikafanyika.

Udongo wa matuta ulikuwa umebaki mchachu. Flora alikwenda kwa kila mwenye bustani, wote tisa, akasema alichofanya kwa maneno yale yale ya wodini. Susana alimfukuza. Mzee mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akamwambia jembe liko pale. Kuanzia Septemba, kila alipotoka kazini alishuka bondeni na mfuko wa chokaa ya shambani, akaitandaza, akaichanganya na udongo, akapima, akaandika alichokiona. Viganja vilimtoka malengelenge, na chokaa ikaingia humo ikamwasha.

Kwa Mama Recho alifika mwisho, mvua za vuli zikiwa zinanukia. Hakukatazwa. Mama mwenyewe alikaa kwenye kigoda mlangoni, akichambua dagaa kwenye ungo, hakumsalimia wala hakumtazama. Siku ya tatu Recho alitoka na mbegu, akasia tuta lililokuwa tayari. Baada ya wiki mche ukatoka upande wa juu wa tuta, mwembamba, wa kijani. Upande wa chini pakabaki udongo mtupu.

Flora alichuchumaa akachovya karatasi kwenye tope la upande ule wa chini, akaisubiri.

"Inasemaje?" Mama Recho aliuliza kutoka mlangoni. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu Musoma.

Flora aliangalia karatasi. "Bado ni mchachu, mama. Niliweka kidogo hapa. Nilikosea."

Mama Recho aliendelea kuchambua dagaa. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa uani.

"Basi leta mfuko mwingine," alisema.

Flora alifuta mikono kwenye sketi, akapanda njia ya kiwandani kuufuata.